Nikeli kwenye latisi: mzunguko wa Kerr umejitokeza

Grafu niliyokuwa naisubiri imetoka. Ndani ya programu yangu ya Python sasa kuna latisi ya mstatili, yaani mpangilio unaojirudia, ya visahani vya nikeli: nanomita 400 kati ya kimoja na kingine kwenye mhimili wa x, 500 kwenye y, vyote vikiwa ndani ya kioo kinachopunguza kasi ya mwanga mara 1.52. Zidisha, unapata mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 608 na 760. Hapo ndipo miale inayotawanywa na visahani huanza kusafiri ndani ya latisi yenyewe.

Kwa wanaojiunga sasa: mwaka 1845 Michael Faraday aligundua kwamba sumaku huzungusha mwelekeo wa mtetemo wa mwanga unaopita kwenye kioo. Mwaka 1877 John Kerr akaona jambo hilohilo kwenye mwanga unaorudishwa na ncha ya sumaku iliyong'arishwa. Mzunguko huo, ndio wa Kerr, ni mdogo sana, na plasmoni, yaani elektroni za metali zinapoyumba kwa pamoja zikifuata mwanga, zinaweza kuukuza. Nikeli ina usumaku lakini humeza nishati upesi, kwa hiyo resonansi ya kisahani kimoja, yaani kilele cha mwitikio wake kwa mwanga, ni pana na butu. Dhahabu ni kinyume chake. Latisi ndiyo inayoiokoa nikeli, kwa sababu kila kisahani hupokea pia mwanga wa majirani zake, na mawimbi hayo yakifika kwa pamoja resonansi inakuwa nyembamba na kali.

Utamu uko hapa. Kila kisahani kikimulikwa huwa dipoli, yaani chaji chanya na hasi zinazoyumba kwenye mhimili mmoja. Dipoli haitoi mwanga kwenye mhimili wake, hutoa ubavuni. Nikimulika kwa mwanga unaotetemeka kwenye x, dipoli za x husukuma majirani walio kwenye y, na alama yake katika mwanga unaorudi iko karibu na 760. Lakini usumaku uliosimama wima juu ya latisi huzaa dipoli dhaifu za y, nazo husukuma majirani wa x. Ukigawanya dipoli ya y kwa ile ya x, jumla ya latisi (mwanga wote wa majirani) ya dipoli za x inajifuta, inabaki ile ya dipoli za y peke yake. Basi kilele cha mzunguko wa Kerr kimekaa mbele kidogo ya 608! Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Ufini, walichapisha vipimo vya latisi halisi za nikeli vyenye tabia hiyo, na ndivyo vilivyonivuta kwenye mradi huu.

Kinachofuata ni kuchanganya nikeli na dhahabu kama ubao wa drafti, nione kilele kitakuwa chembamba kiasi gani kabla usumaku haujapungua mno.