Tulivyofufua bwawa na njia ya bustani yetu Upanga

Kila aliyepita bustanini alikuwa na rai moja: pigeni plasta, pakeni rangi, fungueni. Mimi nilishikilia kwamba hakuna mfuko wa saruji utakaofunguliwa kabla hatujajua maji ya bwawa yanatorokea wapi.

Tulijaza bwawa, tukasimamisha ndoo ya maji kwenye ngazi yake ili vyote viwili vipigwe na jua lile lile, tukatia alama. Kesho yake ndoo ilikuwa imepungua kidogo sana, ila bwawa lilikuwa limeshuka vibaya. Basi halikuwa jua. Tukazima pampu, tukayaacha maji yashuke yatakavyo. Yalikuja kusimama sawa na pale bomba linapopenya ukuta.

"Mwanangu," akaniambia mzee fundi bomba, "mlango wake ndio huo."

Hapo nikaelewa na ugonjwa wa njia. Vitofali vya pevingi vilikuwa vimetitia upande ule ule wa bomba, kwa kuwa maji yalikuwa yakisomba mchanga chini yake. Kwingine vilikuwa vimebinuliwa na mizizi ya mti wa mkungu.

Tulichimbua kuzunguka bomba, tukajaza zege lenye dawa ya kuzuia maji, tukalimwagilia siku 7. Maji ya kuchanganyia yalitoka bombani, si kisimani: visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na chumvi hula nondo ndani ya zege.

Njia tuliifukua, tukashindilia kifusi tabaka kwa tabaka, tukatandaza mchanga, ndipo tukapanga vitofali vikiinamia kwenye majani, maana mvua za masika hazina mzaha. Mizizi minene sikuruhusu iguswe. Mti uliokatwa mizizi upande mmoja huangushwa na upepo, na kivuli cha mkungu ule ndicho kinachowaleta watu. Tukaipinda njia.

Majirani waliogopa mbu, na walikuwa na haki. Jiji hili la Dar es Salaam lilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014, ukarudi 2019. Mbu hawapendi kutaga kwenye maji yanayotembea, lakini umeme ukikatika pampu nayo husimama. Kwa hiyo tulitaka perege, ambao hula viluwiluwi. Saruji mpya huyafanya maji yawe makali kwa samaki, basi tukajaza na kumwaga, tukajaza tena na kumwaga, ndipo perege wakaingia.

Rangi ya ukuta wa nje ilikuja mwisho, ikawa kazi ya asubuhi moja.