Kadi Iliyonikataa Deira

Yule aliyenishauri "pitisha kwanza pesa kidogo uone kama kadi inafanya kazi" bado namdai. Nilikuwa Deira, Dubai, nanunua kwa kadi ya mkopo mashine ya kudarizi ya kichwa kimoja kwa dirhamu 14,500, yaani laki tano na kitu kwa shilingi zetu za Kenya. Nikaanza na dirhamu 10, zikapita. Nikaweka zote, ikakataa. Muuzaji, mtu mwema, akasema tugawe mara mbili. Tukaweka 7,250, ikakataa. Tukarudia. Kadi ikafungwa kabisa, nami nimesimama pale na PIN yangu sahihi kama mwizi aliyekosea duka.

Na machoni pa benki nilikuwa mwizi hasa. Mwizi wa kadi hufanya hivyohivyo: huionja kwa senti chache, akiona iko hai anarukia kiasi kikubwa, kikikataa anakikata vipande. Mfumo hauoni sura yako. Unaona kiasi, nchi, aina ya duka na kasi ya majaribio. Ikikataa mara moja, acha, piga simu.

Safari iliyofuata nilipiga siku tatu kabla. Usihangaike kuwatafuta Visa au Mastercard. Anayesema ndiyo au hapana ni benki iliyokupa kadi. Wengi husema "nasafiri Dubai" wakakata simu. Haitoshi. Yapo makufuli matatu, na kufungua moja hakufungui mengine: kikomo cha mkopo, kikomo cha matumizi ya siku, na ruhusa ya kutumia kadi nje ya nchi. Mimi mkopo ulikuwepo tele; kikomo cha siku ndicho kilichokuwa kifupi. Risiti ya PDQ, ile mashine ya dukani ya kupitishia kadi, ikichapa 51, salio halitoshi. 61, umevuka kikomo. 05, benki imekataa bila kueleza, na shaka ya wizi hupenda kujificha hapo.

Nikawatajia nchi, tarehe, aina ya duka na kiasi, nikaongeza kama asilimia kumi juu, maana bei ya mdomo huenda haina ile VAT ya 5% ya huko, na benki nayo ina ada yake ya kubadilisha fedha. Nikaomba kikomo kipandishwe kwa siku nne tu, kisha kirudi. Nikachukua namba ya kumbukumbu, pamoja na namba ya kawaida ya simu ya benki, kwa sababu zile za bure aghalabu hazipatikani ukiwa nje. Laini uliyosajili benki nayo isibaki nyumbani. Ujumbe wa "ni wewe?" unakuja kwenye hiyo.

Ujanja ninaojivunia ni huu: wiki moja kabla, nililipia kadi zaidi ya deni lake. Ziada ile ikakaa juu ya kikomo cha mkopo, nikapata nafasi zaidi kwenye kufuli hilo la kwanza bila kujaza fomu yoyote.

Dukani PDQ ikauliza: dirhamu au shilingi? Shilingi inavutia, lakini ukiichagua, kiwango hakipangwi na benki yako bali upande wa duka, na mara nyingi kinakuumiza. Nikabonyeza dirhamu, nikaingiza PIN, risiti ikatoka. Muuzaji yuleyule alikuwa ameshaanza kusema tugawe.