Mfuko Uliofungwa kwa Miezi Saba

Jana jioni, katika kikao chetu cha wafiwa wa barabarani, baba mmoja alikuja na mfuko wa plastiki aliokabidhiwa na polisi siku ya pili baada ya mwanawe kugongwa, ambao hakuwa ameufungua kwa miezi saba. Hakututangazia kwamba amekuja nao. Aliuweka chini ya kiti, akauegemeza kwenye kisigino chake, na zamu yake ya kuzungumza ilipofika akasema, "Nyumbani siwezi kuufungua, mama yao ataniona. Naomba niufungulie hapa."

Mwezeshaji wetu alisogeza meza ndogo mbele yake, na mama aliyeketi kuliani kwake akamwambia, "Fungua, mzee wangu, tupo." Ndani mlikuwa na kiatu kimoja, ufunguo, risiti ambayo wino wake ulikuwa umeshafifia, na miwani. Miwani ile haikuwa na hata mkwaruzo. Aliigeuzageuza kwenye mwanga akitafuta ufa, akaivaa, akaivua, kisha akauliza, bila kumwelekea yeyote kati yetu, inawezekanaje kioo kikapona na mtoto asipone. Tulikaa kimya kwa muda mrefu. Mahali pengine popote, nadhani, mtu angekwisha kumwambia kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu.

Mimi nilifiwa na mdogo wangu miaka mitatu iliyopita. Mazungumzo yetu ya mwisho yalikuwa ugomvi mdogo kuhusu waya wa kuchajia simu, ambao nilidai ameuchukua bila kuniomba, na ambao niliupata wiki mbili baada ya mazishi, nyuma ya kitanda changu mwenyewe. Anayeuguza mgonjwa kwa miezi hupata walau siku za kuomba radhi, za kuaga, au hata za kukaa kimya pamoja. Sisi tuliopigiwa simu tumebaki na maneno ya kawaida kabisa ambayo hatukujua kuwa ndiyo ya mwisho. Kisa hicho cha waya nimekisimulia kikundini labda mara kumi, na hakuna siku hata moja mtu alipoonyesha kwa uso wake kwamba nilishakisema. Hilo ndilo jambo ambalo sikulipata kwingineko. Ndugu na marafiki walinipenda, lakini walitaka simulizi ifike mwisho, na baada ya miezi kadhaa nilianza kuwafichia majonzi yangu ili wasichoke.

Tena, kwa kuwa nilifiwa na ndugu na si na mtoto, kila aliyenipa pole aliniuliza, "Wazazi wanaendeleaje?" Swali ni jema, na wazazi wangu walistahili kuulizwa, lakini ilifika mahali nikajiona kama mjumbe wa msiba wa watu wengine. Siku yangu ya kwanza kikundini, dada mmoja aliyefiwa na pacha wake aliniuliza habari za wazazi, nikamjibu, kisha akaongeza, "Na wewe?" Sikuweza kumjibu siku hiyo, wala hakunihimiza.

Neno linalotusumbua mara nyingi ni lile lile "ajali". Kwa asili yake ya Kiarabu, neno hilo linahusu muda uliopangwa, siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa, na ndiyo maana wahenga waliweza kusema kwamba ajali haina kinga. Wapo kati yetu wanaofarijika kwa fikra hiyo, nami sina haki ya kuwanyang'anya faraja yao. Lakini yupo pia mama ambaye mwanawe aligongwa na dereva aliyekuwa akitazama simu, na kila anapoambiwa kwamba ajali haina kinga huhisi kama mlango unafungwa mbele ya swali lake, kwa sababu anajua kwamba simu ile ingeweza kuwekwa kando. Yeye husema "aligongwa", akataja na aliyegonga. Tumekubaliana kikundini kwamba kila mtu ataje kifo cha mtu wake kwa neno analolitaka, na sisi wengine tulifuate neno hilo tunapozungumza naye.

Napenda kukumbuka jinsi vikundi vya namna hii vilivyoanza. Huko Coventry, Uingereza, wavulana wawili walifariki mwaka 1968 katika hospitali moja, mmoja kwa maradhi na mwingine baada ya kugongwa na gari. Kasisi kijana aliyekuwa akihudumu hospitalini, Simon Stephens, aliwakutanisha wazazi wao, akatambua kwamba waliweza kusaidiana kwa namna ambayo yeye, pamoja na mafunzo yake yote, hakuiweza. Mwaka 1969 kutokana na mkutano huo kikazaliwa chama cha The Compassionate Friends. Miaka mingi baadaye, Brigitte Chaudhry, aliyefiwa na mwanawe mwaka 1990 kwa sababu dereva hakusimama kwenye taa nyekundu, alianzisha RoadPeace, shirika la kuwasaidia wafiwa wa barabarani, na kutoka hapo ikaja siku ya kuwakumbuka waliokufa barabarani, ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2005 iwe Jumapili ya tatu ya Novemba kila mwaka. Kinachonigusa katika habari zote mbili ni kwamba wafiwa wenyewe ndio waliokuwa kiini cha kazi.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu takriban milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, yaani zaidi ya 3,200 kwa siku, na hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 zaidi ya barabara. Zamani nilizisoma takwimu hizi bila kusita. Siku hizi huhesabu simu: jioni moja tu, ni nyumba ngapi zinapigiwa?

Kanuni zetu ni chache na zote zilitokana na makosa yetu wenyewe. Hatulinganishi misiba. Hatutoi ushauri usioombwa. Anayetaka kueleza alichokiona barabarani au chumba cha maiti huomba kwanza ruhusa, kwa sababu wapo waliokuwa ndani ya gari lile lile na ambao picha moja huwarudisha pale pale kwa wiki nzima. Tulilijifunza hilo baada ya kijana mmoja kutoka nje akitetemeka na kutorudi vikao vitatu. Kadhalika, anayeonekana kwamba miezi inapita naye hali chakula, halali usingizi, au anazungumza juu ya kutotaka kuishi, mwezeshaji humsindikiza kwa mtaalamu mara moja, bila kusubiri kikao kijacho. Kikundi hakiwezi kila kitu, na naona ni hatari kujidanganya kwamba kinaweza.

Jambo ambalo hatujalimaliza ni la mjane aliyekuja mwezi uliopita. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akasema jina la mumewe, kisha akasema kwamba mumewe ndiye aliyekuwa akiendesha kwa kasi, na kwamba aliua watu wawili pamoja na nafsi yake. Chumba kilibadilika. Nakiri kwamba wa kwanza kutaka aondoke nilikuwa mimi, ingawa sikutamka, kwani nilimwona dereva aliyemuua mdogo wangu amekaa pale ndani ya mwili wa mwanamke huyu asiye na hatia. Baadaye nilimfikiria usiku akiwa peke yake: anaomboleza mtu ambaye wengine wana haki ya kumkasirikia, hana wa kumpa pole bila kusita, na watoto wake wanasikia shuleni kwamba baba yao ni muuaji. Mfiwa ni yeye pia. Hata hivyo, si haki kumlazimisha mama aliyezika mwanawe juzi asikilize sifa za dereva. Tulijadili kwa vikao viwili, wengine kwa machozi, tukaafikiana kwamba kwa sasa akutane na wachache wetu walio tayari, siku nyingine. Nilijitolea kuwa mmoja wao. Tumeonana mara moja. Aliniuliza jina la mdogo wangu, akalirudia polepole, nami baada ya kimya nikamwuliza la mumewe. Sijui kama kilichokuwa moyoni mwangu wakati ule kilikuwa msamaha. Nadhani ulikuwa uchovu wa kumchukia mtu asiyekuwepo, na huenda huo unatosha kwa mwezi huu.

Kuhusu yule baba wa jana, kikao kilipokwisha alirudisha kiatu, ufunguo na risiti mfukoni, akaukunja mdomo wa mfuko mara tatu kama alivyoukuta. Miwani hakuirudisha. Alimwomba mwezeshaji amtunzie kabatini hadi atakapopata namna ya kumwambia mkewe kwamba mfuko umefunguliwa. Mwezeshaji alitafuta bahasha, akaandika juu yake jina la mtoto, akampa aisome kabla ya kuifunga. Aliisoma, akaomba kalamu, akaongeza jina la ukoo.