Siku moja maishani mwangu: nyuma ya kaunta ya sushi, Tokyo

Saa kumi alfajiri. Jumamosi ya Novemba, baridi inakata masikio. Oyakata yumo ndani ya kigari chake, ananisubiri. Oyakata ndivyo mwanagenzi anavyomwita fundi wake hapa Japani. Wateja wao humwita taisho. Ana miaka 74. Duka lake la sushi, mtaani Sumida, lilifunguliwa na baba yake mwaka 1968: kaunta ya viti vinane na meza mbili, basi. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimeoa huku, na huu ni mwaka wangu wa nne kwake.

Saa kumi na moja. Toyosu. Soko la samaki lilihamia hapa kutoka Tsukiji Oktoba 2018. Mnada wa jodari huanza saa kumi na moja na nusu kwa kengele ya mkononi, ila sisi hatuingii, maana wanaonunua mnadani ni wenye leseni tu. Tunanunua kwa wachuuzi wa kati. Oyakata anakwenda moja kwa moja kwa familia ile ile aliyonunua kwao baba yake enzi za Tsukiji. Hawapatani bei kabisa, jambo lililonishangaza sana mimi niliyezoea kelele za soko la samaki la Deep Sea, Tanga. Mchuuzi anamwambia, "Vibua leo viache." Oyakata anaviacha, hata hamwulizi sababu.

Saa mbili. Sasa ndiyo kazi yenyewe. Kuna samaki mdogo anayeitwa kohada, ngozi ya fedha yenye madoadoa meusi, mfupa mwingi. Akiuzwa mbichi hana thamani kubwa. Namparua magamba, nampasua, natoa mfupa, namlaza kwenye chumvi, namwosha, kisha anaingia kwenye siki. Muda wa chumvi hubadilika kila siku kwa ukubwa na mafuta yake. Oyakata hatazami saa, anambonyeza kwa kidole. Nami nambonyeza baada yake, na mwaka huu ndio nimeanza kuhisi anachokihisi yeye.

Wengi hudhani sushi ni samaki mbichi juu ya wali. Sushi ya Tokyo ilizaliwa mji ukiitwa Edo, wakati hakuna barafu ya kuhifadhia samaki. Kwa hiyo samaki alitiwa chumvi, siki, sosi ya soya, au alichemshwa. Hanaya Yohei, anayetajwa sana kama aliyeieneza sushi ya kufinyanga kwa mkono miaka ya 1820, alikuwa na duka lake Ryogoku, mwendo wa miguu kutoka hapa nilipo. Kipande cha zama zile kilikuwa kikubwa mara mbili au zaidi ya cha leo.

Saa tatu. Pweza. Wengi wanaoingizwa Japani hutoka Mauritania na Morocco, na huyu wetu ni wa Mauritania. Kwetu kina mama huwatoa miambani maji yakipwa, halafu wanawapiga juu ya jiwe mpaka walainike. Hapa sipigi. Nasugua kwa chumvi nusu saa nzima mpaka utelezi wote utoke, kisha nachemsha kwenye maji ya chai. Vidole vinakufa ganzi, lakini kazi hii naipenda kuliko zote.

Saa nne na nusu. Wali. Oyakata hataki mchele mpya, una maji mengi mno. Anachanganya na wa mwaka jana. Ukiiva naumwaga kwenye chano kikubwa cha mbao, yeye anaumwagia siki nyekundu inayotengenezwa kwa machicha ya sake, pombe ya mchele. Mimi napepea, yeye anaukata kwa mwiko bapa, hakorogi asije akaponda punje. Unatumika ukiwa na joto la mwili. Ukipoa, unamharibu hata jodari wa bei mbaya.

Saa tano na nusu. Natundika pazia la mlangoni, noren. Mchana ni wafanyakazi wa ofisi za karibu, mabakuli ya wali na samaki, haraka haraka, asante, kwaheri.

Saa nane. Oyakata analala ghorofani. Nanoa visu, halafu nachukua wali uliobaki na kufinyanga vipande, kimoja baada ya kingine. Nimefanya hivi kila mchana kwa miaka miwili. Hakuna aliyewahi kuvila ila mimi.

Saa kumi na mbili jioni. Wa siku zote wanaanza kuingia. Hawasomi orodha. Kiti cha mwisho karibu na ukuta ni cha bibi mmoja wa mtaa wa nyuma, mjane, amekula hapa tangu ameolewa. Huanza na kohada. Oyakata humfanyia wali kidogo kuliko wengine kwa sababu siku hizi tumbo lake halibebi, na wala hawajawahi kulizungumza. Anakula kwa mkono, kama tulavyo sisi. Watu huniuliza kama vijiti ni lazima, si lazima. Ila yeye hutumia kushoto. Siku ya kwanza nilishtuka, maana kwetu mkono wa kushoto haugusi chakula.

Leo, bibi alipoketi, Oyakata akarudi nyuma hatua moja. "Kohada," akaniambia. "Fanya wewe."

Nikalowesha mikono. Wali kidogo. Wasabi, kile kiungo kikali cha kijani. Yule kohada niliyempasua asubuhi. Nikafinya, nikampaka sosi kwa brashi, nikamwekea kipande kikiwa kimeelekea kushoto kwake.

Bibi alikitazama kwanza. Akakila. Akanyanyua kikombe cha chai, akanywa, akakirudisha taratibu.

"Wali umeubana," akasema.

"Samahani," nikainamisha kichwa.

"Kohada yuko sawa." Kisha akamgeukia Oyakata, akanielekeza mimi kwa kidevu. "Kingine. Afanye huyu huyu."

Saa nne usiku. Pazia limeingia ndani. Nasugua kaunta kwa maji ya moto, kufuata ulalo wa mbao. Oyakata amehesabu pesa, amevaa koti, amesimama mlangoni. "Jumatatu," anasema, "lowesha mikono kidogo zaidi."