Kasi Ileile, Mwili Mwingine: Nilivyotulia Baada ya Mazoezi Makali

Nilipoanza kukimbia kwa vipindi, yaani dakika 3 za kasi kubwa zikifuatwa na dakika 2 za kutembea, mara tano mfululizo, kilichonisumbua hakikuwa maumivu ya miguu bali usiku wenyewe. Nilimaliza mazoezi saa mbili usiku, nikaoga, nikala, kisha nikakesha macho makavu hadi saa saba, moyo ukidunda kana kwamba bado nimo juu ya mashine ya kukimbilia. Kocha alisema ni adrenalini, homoni inayoushtua mwili, akaishia hapo.

Niliposoma zaidi niligundua kwamba adrenalini ilikuwa nusu tu ya habari. Juhudi kubwa inapoanza, mishipa ya fahamu huziamsha tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, nazo hutoa adrenalini ambayo hupanda upesi na kushuka upesi. Nusu ya pili ni kotisoli, homoni ya msongo, ambayo hupitia njia ndefu zaidi: haipothalamasi iliyo ubongoni huichochea tezi ya pituitari, pituitari humwaga katika damu homoni iitwayo ACTH, na hiyo ndiyo inayoziamuru tezi za adrenali kutoa kotisoli. Kwa sababu ya mzunguko huo, kilele chake mara nyingi huja wakati zoezi limekwisha na mtu ameshakaa kupumzika. Homoni hiyo si adui, maana ndiyo inayosaidia ini kuendelea kuipatia misuli glukosi; tatizo langu lilikuwa saa. Kotisoli huwa juu asubuhi na chini kabisa karibu na usiku wa manane, nami nilikuwa nikiipandisha wakati wake wa kushuka.

Nikahamishia mazoezi makali asubuhi, na siku nyingine nikakimbia taratibu kiasi cha kuweza kuzungumza bila kuhema, kwa kuwa zoezi jepesi, la asilimia 40 hivi ya uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni, halipandishi kotisoli kama linavyofanya zoezi la asilimia 60 na kuendelea. Usingizi ulirudi ndani ya wiki mbili. Baada ya wiki nane, kasi ya kilomita 10 kwa saa, iliyokuwa ikipeleka mapigo ya moyo wangu hadi 172 kwa dakika, iliyafikisha 150 tu.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani mwili umepata kinga, nikaongeza kasi hadi kuishiwa pumzi karibu kila siku, na kukesha kukarudi, safari hii pamoja na mtetemeko wa mikono. Maelezo niliyapata katika utafiti wa mwaka 1987 uliowalinganisha wasiofanya mazoezi, wenye mazoezi ya wastani na wakimbiaji waliokomaa: kwa mzigo uleule, ACTH na kotisoli hazikuongezeka sana kwa waliozoea kama zilivyoongezeka kwa wasiozoea, lakini kila mmoja alipofanya kazi kwa asilimia ileile ya uwezo wake mwenyewe, makundi yote yalifanana. Kwa maneno mengine, mazoezi yalikuwa yamesogeza mbali mahali pa kuanzia dhoruba ya homoni, hayakuiondoa dhoruba. Mwanariadha aliyekomaa anaweza hata kutoa adrenalini nyingi kuliko mtu wa kawaida anapojikamua hadi mwisho.

Sikuwahi kupima damu wala mate, hivyo sidai kujua kiwango changu cha kotisoli. Mapigo ya moyo ni kivuli chake tu, tena kivuli kinachopotoshwa na kahawa, joto na homa. Hata hivyo daftari la mapigo ya kila asubuhi, kabla sijainuka kitandani, limenifaa kuliko kifaa chochote. Sasa nafanya vipindi vikali mara mbili kwa wiki, siku zisizofuatana, na kasi naipanga upya kila baada ya wiki sita kulingana na uwezo nilionao, si ule wa zamani. Nikiamka mapigo yamezidi wastani wangu kwa 7 au zaidi, siku hiyo natembea.