Mausi ya waya au isiyo na waya: nilivyoamua kwenye steshenari yangu

Steshenari yangu iko Mwanjelwa, jijini Mbeya. Nachapa barua, natoa fotokopi, nakata picha za pasipoti na kutengeneza kadi za harusi na za michango. Meza ya kuhudumia wateja ina kioo juu, na chini ya kioo nimepanga sampuli za kadi na picha ili mteja achague kwa kuonyesha kidole. Wenye steshenari wengi tunazo meza za namna hii, na kioo hicho kimenifundisha kuhusu mausi kuliko maelezo yote yaliyoandikwa kwenye boksi.

Mausi za siku hizi zina taa tumboni na kamera ndogo inayopiga picha uso wa meza mfululizo, kwa kasi kubwa, ikilinganisha picha na picha ili ijue mkono umeelekea wapi. Kwenye kioo kisafi haioni chembechembe za kulinganisha, kwa hiyo kishale kinaganda au kinarukaruka. Niliponunua isiyo na waya, kijana anayenisaidia dukani alibadilisha betri na hali ikabaki ile ile. Nikatandika karatasi ya A4 chini yake, ikatembea bila shida. Sasa pale nimebandika kipande cha kalenda ya zamani, upande wa nyuma usiong'aa, na mausi zangu zote zinakubali, ya waya na isiyo na waya. Kama mausi yako haitembei, anza na meza kabla hujaenda kununua nyingine.

Kusitasita, hata hivyo, kulikuwa kwa isiyo na waya peke yake. Kishale kilikuwa kinakwenda, kinasimama, kinaruka, hasa ninapohamisha picha za harusi. Kidude chake cha USB kilikuwa nyuma ya sipiyu, chini ya meza, jirani kabisa na diski ya nje ninayotunzia kazi za wateja. Diski hiyo ni ya USB 3.0, yaani USB ya kasi kuliko ile ya zamani. Mausi nyingi zisizo na waya zinawasiliana na kidude chao kwa mawimbi ya 2.4 GHz, na kifaa cha USB 3.0 kinapofanya kazi hutoa kelele za redio zinazoangukia kwenye masafa hayo hayo. Kampuni ya Intel ilitoa maelezo ya jambo hili mwaka 2012, na dawa yake ni rahisi: tenganisha viwili hivyo. Nilichukua waya wa kurefushia USB, nikakipandisha kidude juu ya meza, mbali na diski, mbele ya mausi yenyewe. Kusita kukaisha.

Ningeweza kuiacha hapo dukani. Kilichonizuia ni wateja. Siku nzima watu wanachomeka flashi na kuchomoa, na kidude cha mausi ni kidogo kuliko flashi yoyote. Mteja mmoja alikichomoa akidhani ni chake, na bahati njema alikuwa bado mlangoni tulipogundua. Zipo aina ambazo kidude kikipotea unanunua kingine na kukiunganisha, lakini mausi nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu zinakubali kile kilichotoka nazo kwenye boksi tu. Kikienda, mausi nzima imekwenda. Kwenye meza inayoshikwa na watu wengi, mimi naona waya ni ulinzi.

Halafu kuna mkono. Kufuta mandhari ya nyuma ya picha, ukizunguka nywele za mtu taratibu, ni kazi inayokula nusu saa kwa picha ngumu. Betri moja ya AA ya alkali ina uzito wa gramu kama 23, na kiganja kinaujua uzito huo kufikia jioni. Mausi ya waya inapata umeme wake kutoka kwenye tundu la USB, haibebi kitu. Napenda wepesi ule.

Waya nao una pahala pake pa kufia: pale unapoingia kwenye mausi. Ukiuzungushia mausi kwa kuukaza kila jioni, nyuzi za ndani zinakatika polepole, na dalili yake ni mausi kuzima na kuwaka unapogusa waya. Mimi nauacha na kitanzi kilicholegea juu ya meza, nimeubana ukingoni kwa klipu ya karatasi, sipiyu isiuvute.

Isiyo na waya nimeipa kazi ya safari. Mara kwa mara naitwa Rungwe kuandaa hesabu za chama cha msingi cha wakulima na kuzionyesha ukutani kwa projekta. Pale laptopu inakaa kwenye dawati, nami nasimama karibu na ukuta, mausi nimeiweka juu ya daftari mkononi, nashuka mstari kwa mstari wanachama wakiuliza. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, rudi pale kwenye mbolea," nikarudi bila kumpita mtu. Kwa waya nisingeweza.

Watu waliniambia baridi ya Juni na Julai itamaliza betri. Ni kweli baridi inapunguza nguvu ya betri, lakini mausi inatumia umeme kidogo sana, na kwa asubuhi zetu za Mbeya sijaona tofauti. Kinachoniudhi ni betri kuvuja ikisahauliwa ndani. Ule unga mweupe unakula vibati vinavyogusa betri, kwa hiyo nikijua sitasafiri karibuni naitoa.

Ukienda dukani kununua isiyo na waya, igeuze. Tafuta swichi ya kuzima na kitundu cha kuhifadhia kidude, maana kwenye mkoba kidude kisicho na nyumba hakikai. Uliza inatumia betri gani; za AA na AAA zinapatikana hata kwenye duka la mtaani. Kama ni ya Bluetooth, hakikisha kompyuta yako inayo, kwa sababu kompyuta nyingi za mezani za zamani hazina. Kisha omba uijaribu hapo hapo, juu ya karatasi, siyo juu ya kabati la kioo la muuzaji.