Homa ya mwanangu haikuwa malaria

Wiki ya tatu ya homa, kila aliyepita barazani kwetu Langoni, mjini Lamu, alikuja na dawa yake. Kipimo cha malaria kilitoka hasi mara tatu na bado wananiambia, "Mpe tu za malaria." Mwingine akanituma duka la dawa nikanunue amoksilini, dawa ya kuua bakteria. Na kweli homa ilishuka! Nikapika wali wa nazi kwa furaha. Siku nne baada ya vidonge kwisha, shuka zikalowa jasho tena usiku. Nikanunua vya aina nyingine. Ikashuka, ikarudi. Ushauri ule unanichoma hadi leo, maana ulikuwa ukificha ugonjwa wenyewe: bakteria walioshika moyoni.

Tukavuka hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, elfu kumi na kitu zikaenda. Damu ya kwanza waliyoiotesha maabara kutafuta bakteria haikuota chochote. Hapo ndipo mfuko wangu uliponifaa: maganda yote ya vidonge, na daftari nililoandika joto lake asubuhi, adhuhuri, magharibi na usiku. Daktari akayamwaga mezani, akayapanga kwa tarehe juu ya daftari, tukaona sote: dawa ikiwepo, homa chini, ikiisha, juu. Akaniuliza, "Mama, utotoni aliwahi kuvimba viungo?" Aliwahi, akiwa na miaka 9, baada ya kuumwa koo. Kumbe ugonjwa ule uliiachia kovu vali ya moyo, kile kilango cha kupitishia damu, na bakteria hupata pa kushika hapo.

Kwa kuwa vidonge huzuia bakteria kuota maabara, akavisimamisha siku kadhaa tukiwa wodini, kisha damu ikatolewa mara tatu, mishipa tofauti. Ikaota: streptokoka, bakteria wa kinywani. Nikakumbuka gego bovu alilong'olewa wiki mbili kabla ya homa. Kwenye picha ya moyo nilikiona kinundu kikichezacheza juu ya vali, kama mwani kwenye mwamba.

Penisilini ya mshipa, wiki 4. Siku ya sita homa ikaisha, na simu zikaanza: mrudishe nyumbani. Nilikataa. Bakteria waliojificha ndani ya kinundu dawa huwafikia kwa shida, nami nilikuwa nimeshaona mara mbili homa ikirudi.

Juzi amekwenda kung'oa jino jingine. Kwa kuwa ameshaugua ugonjwa huu, alimeza amoksilini gramu 2 saa moja kabla, ili bakteria wa kinywani wasishike tena moyoni, nami nikakaa naye nikiitazama saa.